GIMP 3.0 na bango la zilipendwa: rangi mbili tu

Habari zenu wadau, karibuni tena. Leo nipo na GIMP 3.0, ile programu ya bure ya kuhariri picha, toleo lililotoka Machi 2025. Sitaipitia menyu kwa menyu. Nimeipa kazi moja: bango la usiku wa zilipendwa kwa bendi ya mtaani kwetu, lionekane kama limechapwa miaka ya sabini.

Kabla sijagusa kipanya, kuna jambo linaniuma. Mabango mengi ya kizamani tunayotengeneza siku hizi ni picha ya leo, rangi zake zote zipo, halafu imemwagiwa mikunjo na madoa juu. Bango la zamani halikuzaliwa chafu jamani! Lilikuwa na rangi chache kwa sababu, kwenye uchapaji wa skrini, ambapo wino unasukumwa kupitia kitambaa cha wavu hadi kwenye karatasi, kila rangi ilikuwa na skrini yake na ilipita juu ya karatasi peke yake. Kuongeza rangi ni kuongeza gharama. Basi na mimi nimejibana hivyo hivyo: bluu ya kijani, nyekundu ya tofali, na karatasi ya krimu.

Tazameni hapa. Ukubwa ni A3, pikseli 3508 kwa 4961, yaani pikseli 300 kwa inchi. Picha ya mpiga tarumbeta nimeipitisha kwenye Threshold, filta inayobakiza nyeusi na nyeupe tu, vivuli vyote vya katikati vikaondoka, kilichobaki cheusi nikakipa bluu ya kijani. Nakala ya picha ya awali, isiyopita kwenye Threshold, nimeitia filta ya Newsprint, ambayo inavunja vivuli kuwa vitone, nikaipa nyekundu. Nafasi ya kitone ni pikseli 12, ukichapa ni kama milimita moja. Sasa leya nyekundu, yaani tabaka la picha lililo juu, naiweka Multiply, hali inayozidisha rangi ya juu na ya chini zikawa nzito zaidi. Mmeona chini ya kofia? Pale nyekundu ilipoikalia bluu imetokea kahawia nzito, karibu nyeusi. Hiyo rangi sikuichagua mimi, imejizaa yenyewe, kama wino unavyofanya kwenye karatasi.

Halafu hii, naipenda sana: naisogeza leya nyekundu pikseli 8 kulia. Basi. Upande mmoja wa tarumbeta, nyekundu imechungulia nje, upande wa pili imeacha mstari mwembamba. Ndivyo karatasi ilivyokuwa ikiteleza kidogo kati ya rangi na rangi.

Sasa kwa nini toleo hili? Kwenye toleo la awali, 2.10, ukishabonyeza OK, filta imeingia kwenye picha moja kwa moja. Ukitaka kubadili, unarudi nyuma hatua kwa hatua. Hapa filta inabaki hai, pembeni ya leya kuna alama ya fx, unaibonyeza, unarekebisha. Kiongozi wa bendi aliniambia uso wa mpiga tarumbeta umekuwa mweusi mno. Nikafungua fx, nikashusha Threshold kidogo, macho yakatokea. Vitone sikuvigusa.

Maandishi sina mengi: fonti moja nene, herufi kubwa, na angalieni leseni yake kabla ya kuuza kazi.

Panaponisumbua ni kwenye uchapaji. GIMP bado inahariri kwa RGB, yaani rangi za mwanga wa skrini ya kompyuta. Inaweza kukuonyesha kwenye skrini rangi zitakavyotoka kwa CMYK, yaani rangi nne za wino wa uchapaji, lakini kufanya kazi ndani ya CMYK kwenyewe, hapana. Duka moja la uchapaji lilinitolea nyekundu yangu ikiwa kama damu ya mzee, kopi 40, na pesa nilishalipa. Siku hizi naomba kopi moja ya majaribio, naitoa nje juani, ndipo naruhusu zingine.

Kwa bango la rangi mbili au tatu, mimi nimeshahamia hapa. Kama kazi yako ni majarida ya picha za rangi kamili yanayokwenda kiwandani, usiiache programu unayolipia kwa sasa.