Mifuko ya Safari ya Baiskeli Nyanda za Juu Kusini: Ipi Ununue, Ipi Ushoneshe

Ukitoka Uyole kwenda Tukuyu unapanda hadi Isyonje, halafu unateremka karibu njia nzima hadi Kyela, na ukanda wa Rungwe ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini. Mfuko wa baiskeli kwa huku unahitaji mambo matatu: usiyumbe kwenye mteremko, usiingize maji, na ukichanika, fundi wa Ilula au Makambako aweze kuushona siku hiyohiyo. Tumepanga daraja kwa vigezo hivyo.

Lakini keria kwanza. Mfuko mzuri juu ya keria mbovu ni hela iliyotupwa. Keria ya chuma ya baiskeli ya Phoenix, ile ya kubebea mikungu ya ndizi, inatosha kabisa mradi miguu yake imeshikwa kwenye ekseli ya nyuma. Kwa mauntini ya mtumba, kagua fremu karibu na ekseli: kuna matundu ya bolti ya milimita 5? Yakiwepo, nunua keria ya miguu miwili na usome uzito uliogongwa juu yake. Nyingi huandikwa kilo 25. Ile inayobana nguzo ya siti peke yake iache, haiwezi mzigo wa safari. Matundu yasipokuwepo, tumia klampu za bomba zilizotandikwa vipande vya tyubu, na usikubali fremu ya alumini ichomelewe kwa mashine ya chuma.

Ukitaka keria ya kuchomelea, mwambie fundi atumie nondo ya milimita 8. Mita moja ina uzito wa gramu 395 hivi, na keria nzima hula mita tatu na nusu, yaani kilo 1.4. Ya milimita 12 huzidisha uzito huo zaidi ya mara mbili, na kwa mzigo wa kilo 20 huna haja nayo. Nati ziwe zile zenye nailoni ndani, kwa sababu rasta na makorongo hulegeza nati za kawaida.

Nafasi ya kwanza: mifuko ya turubai ya kushonesha

Hii ndiyo tunayoipendekeza kwa watu wengi. Nenda kwa fundi wa maturubai ya malori au anayeshona siti za bodaboda; mashine yake ina sindano nene. Mbeya, anza kuulizia Mwanjelwa.

Mfuko wa upana wa sentimita 30, kina 17 na kimo 40 hubeba lita 20. Kwa mifuko miwili, kipande cha turubai cha mita 1.1 kwa 1.55 kinatosha. Kila mfuko ukate utepe mmoja wa sentimita 33 kwa 151, unaoshuka mbele, kupita chini na kupanda nyuma, pamoja na mbavu mbili za 20 kwa 68.5. Kwa mkato huu kitako hakina mshono katikati, na kitako ndipo maji ya tairi yanaporuka. Vipimo hivyo vimeshahesabu sentimita 25 za kukunjia mdomo. Kunja mara tatu kabla ya kubana mikanda, pungufu ya hapo mvua inaingia.

Uzi uwe wa nailoni, kwa kuwa wa pamba huoza. Mishono iachane milimita 4 hadi 5. Ikisongamana sana, turubai hukatika kwenye mstari wa matundu. Hata ukishona mistari miwili, sindano imetoboa na maji yatapenya, kwa hiyo weka ndani nailoni ya mfuko wa mbolea iliyooshwa vizuri, kwa ajili ya nguo tu. Chakula kiwe kwenye chombo chake.

Mgongoni mwa mfuko iingie plaiwudi ya milimita 4, sentimita 27 kwa 35. Ndoano mbili zikunjwe kutoka chuma bapa cha milimita 3, zivalishwe tyubu, zifungwe kwa bolti zenye washa pana ili zisipasue plaiwudi. Chini ongeza ndoano ya tatu yenye mpira unaovuta mfuko kwenye mguu wa keria. Mafundi wengi huisahau hii, na bila hiyo mfuko hurushwa kwenye shimo na kurudi kwenye spoku.

Kabla ya kutoboa matundu ya ndoano, panda baiskeli uzungushe pedali kinyumenyume. Kati ya kisigino na mfuko ipite nafasi ya vidole viwili. Isipotosha, sogeza mfuko nyuma kidogo. Ukizidisha, gurudumu la mbele litakuwa jepesi na usukani utatangatanga kwenye mlima.

Nafasi ya pili: madumu ya lita 20

Ni rahisi, hayalowi, na baiskeli ikianguka vitu vyako viko salama. Chukua dumu la mafuta ya kula. Lililowahi kubeba dawa ya shambani usiliguse. Kata mlango upande wa juu, acha ukingo mmoja uwe bawaba, na ufunike kwa kipande cha turubai. Lifunge kwenye ubao kwa bolti nne. Jua hukausha plastiki, na nyufa huanzia kwenye bolti. Kasoro kubwa ni upana: madumu mawili na keria hufikia sentimita 60 hivi, na kwenye mlima Kitonga malori hayakuachii nafasi.

Nafasi ya tatu: mifuko ya kigeni

Mifuko kama Ortlieb ya Ujerumani imeunganishwa kwa joto bila uzi, kwa hiyo kwa kuzuia maji inazishinda zote. Imeshuka daraja kwa sababu ndoano zake ni za mabomba membamba, hazikai kwenye keria nene ya Phoenix, na ndoano ikivunjika njiani kipuri hupati.

Nafasi ya nne: shangazi kaja au salfeti juu ya keria

Inafaa kwa kilo 10 na safari ya siku moja. Uzito ukikaa juu, baiskeli huyumba kwenye kona.

Ya mwisho: begi la mgongoni

Kwa mlima mrefu, hapana.

Ukishachagua, mlipe fundi nusu. Pakia vizito chini karibu na ekseli, panda kilima na ushuke, kisha kagua nati, spoku za nyuma na breki, maana kilo 20 za nyongeza zinahitaji nafasi ndefu zaidi ya kusimama. Kama ndoano imesogea au mfuko umegusa spoku, mrudishie arekebishe kabla hujammalizia.