Wodi ya kifua iliyomtoa mdogo wangu kifuko cha mnyoo aina ya tegu kwenye pafu

Nawapa nyota nne kati ya tano. Hiyo moja niliyobakiza nitaisema mbele huko, inahusu vidonge, na vidonge kwenye huu ugonjwa sio kitu cha kupita juu juu. Ila hizo nne wamezipata kihalali kabisa. Kikubwa kuliko vyote ni kwamba hawa watu walijua kitu gani kisifanywe: walipoona lile duara kwenye picha ya kifua hakuna aliyekimbilia sindano, na kama una ndugu ameambiwa "kuna uvimbe kwenye pafu, tuuchome tuvute kidogo tukapime" basi soma hii kabla hamjasaini fomu yoyote.

Mgonjwa ni mdogo wangu wa kiume. Kikohozi kikavu cha muda mrefu, maumivu upande wa kulia yanakuja yanaondoka, baadae akaanza kutema makohozi yenye damu. Hospitali ya kwanza, siitaji jina, walimwanzishia dawa za TB kwa kuangalia eksirei tu, makohozi yakapimwa hayakuonyesha kitu lakini dawa zikaendelea na mtu hapati nafuu. Kwa kiasi nawaelewa maana ukisikia kikohozi na damu unawaza kifua kikuu kwanza, ndo kilicho kingi. Ila makohozi yakirudi safi alafu dawa nazo hazisaidii si lazima ujiulize upya? Wao wakahama kutoka TB wakasema labda kansa, na hapo ndo habari ya sindano ilipoanza. Tukaomba rufaa.

Kwa ambao hawajawahi kuusikia huu ugonjwa, unaitwa hidatidi na unaletwa na tegu mdogo sana, jina lake la kisayansi Echinococcus granulosus. Tegu mwenyewe ana urefu wa milimita chache tu na anaishi kwenye utumbo wa mbwa. Mayai yanatoka na kinyesi, hayaonekani kwa macho, yanabaki kwenye udongo, majani, maji, hata kwenye manyoya ya mbwa. Kondoo, mbuzi, ng'ombe na ngamia wanayameza malishoni wanaota vifuko kwenye ini na mapafu, mbwa akila hivyo vifuko vibichi mzunguko unaanza upya. Binadamu anaingia humo kwa bahati mbaya, anameza yai bila kujua, kinatoka kidudu kinatoboa ukuta wa utumbo kinaingia kwenye damu, kituo cha kwanza ini, kikipenya hapo kinafika mapafuni. Ndo maana ini linaongoza kwa kuwa na hivi vifuko na mapafu yanafuata. Kwenye pafu kinakua haraka zaidi kwa sababu pafu ni laini, linanyumbulika, hakuna cha kukibana. Mtu anaweza kukaa nacho miaka mingi bila dalili hata moja. Na hauambukizwi mtu kwa mtu, hili naliandika kwa makusudi maana kuna ndugu walianza kumtengea vyombo.

Sasa hii wodi. Daktari wa upasuaji wa kifua aliangalia ile eksirei ya zamani akaiweka pembeni, akaanza kuuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kutuuliza: mmewahi kuishi na mbwa, mmefuga kondoo au mbuzi, mlichinja nyumbani, matumbo na mapafu ya mnyama mlikuwa mnayatupa wapi. Alituuliza taratibu, bila kutufanya tuonekane wachafu, na hicho kitu ndugu zangu kina thamani. Baada ya hapo akaagiza vitu vitatu, siti skani ya kifua, kipimo cha damu cha kingamwili (zile kinga ambazo mwili unatengeneza kupigana na mdudu), na altrasaundi ya tumbo. Hiyo ya tumbo nilidhani wamekosea, mtu anaumwa kifua tumbo la nini, kumbe wenye kifuko pafuni baadhi yao wanacho na kwenye ini na ni lazima wajue kabla hawajapanga upasuaji. Ini lake lilikuwa safi.

Siti skani ndo iliyosema ukweli. Duara lenye kingo laini kabisa, sehemu ya chini ya pafu la kulia, ndani kumejaa kitu chenye uzito sawa na maji. Daktari akatuonyesha kwenye kompyuta, akaeleza kwamba kifuko kikiwa kizima kinaonekana hivyo, kikianza kuachia kutoka kwenye pafu unaona mwezi mwembamba wa hewa juu yake, na kikipasuka unaona utando umekunjamana unaelea juu ya maji yaliyobaki. Cha mdogo wangu kilikuwa bado kizima.

Alafu majibu ya damu yakarudi: hakuna kingamwili. Hapa nilichanganyikiwa, nikajua ndo tunarudi kwenye kansa. Daktari akasema, "Kaka, damu ikikubali inatusaidia, ikikataa haituzuii." Akaeleza kuwa kifuko cha pafuni ambacho hakijapasuka kinaweza kujificha, mwili haujakutana na kilichomo ndani kwa hiyo hautengenezi kingamwili za kutosha kuonekana kwenye kipimo, na kwamba vipimo vya damu vinakamata zaidi vifuko vya ini kuliko vya mapafu. Hata zile chembe nyeupe za damu zinazopanda mtu akiwa na minyoo si lazima zipande. Kwa hiyo mwenye picha inayoonyesha hidatidi na historia inayolingana asiachwe aende zake eti kwa sababu karatasi ya maabara imesema hapana. Hili ni jambo la kuwapongeza sana, kuna sehemu wangeishia kwenye ile karatasi.

Na ile sindano? Nilimuuliza moja kwa moja. Jibu lake ni kwamba yale maji yako chini ya mgandamizo na yamejaa vichwa vidogo vya tegu, ukitoboa ovyo yakavuja kifuani kila kichwa kinaweza kuota kifuko kipya, na mbaya zaidi mwili unaweza kupata mzio mkali wa ghafla, presha ikaanguka hapo hapo, mtu akafa. Kuna njia ya kutoboa, kuvuta, kuweka dawa na kuvuta tena inayotumika kwa baadhi ya vifuko vya ini chini ya altrasaundi, na wanaoifanya wanajiandaa kwa huo mzio, ila kwenye pafu haitumiki kama njia ya kawaida. Sisemi madaktari wa kule mwanzo ni wabaya, nasema kabla ya sindano yoyote kwenye duara la maji kwenye pafu lazima mtu aulize, je inaweza kuwa hidatidi? Swali dogo tu.

Nikauliza pia kama vidonge peke yake vingetosha. Hapana, kwa ukubwa wake. Vifuko vidogo vinaweza kutibiwa kwa vidonge na kufuatiliwa, lakini kikubwa ambacho bado kizima madaktari wengi wa kifua hawapendi kukianzishia dawa kabla ya upasuaji kwa sababu dawa inadhoofisha utando na kinaweza kupasukia ndani. Hii ilinishangaza maana mtaani tunajua dawa ya minyoo unameza tu, haina madhara. Kwenye pafu mpangilio ni muhimu, kipi kinatangulia kipi kinafuata.

Siku ya upasuaji daktari wa nusu kaputi naye alikuja kuongea na sisi, kitu ambacho sijazoea. Akaeleza watatumia mpira wenye njia mbili ili kila pafu lipumue kivyake, kifuko kikipasuka katikati ya kazi maji yasivuke kwenda pafu la pili, na kwamba dawa za mzio zitakuwa zimeshavutwa kwenye sindano mezani tayari. Baada ya thieta daktari wa upasuaji akatupitisha hatua kwa hatua. Walizungushia eneo lote vitambaa vilivyolowa maji ya chumvi kali yanayoua vile vichwa, wakatoa utando wote mweupe, alafu wakajaza maji kwenye shimo lililobaki na kumwambia mwenzao wa nusu kaputi apulize pafu, wakawa wanaangalia mapovu yanatokea wapi kama fundi baiskeli anavyotafuta pancha. Kila povu ni njia ya hewa iliyo wazi, wakazishona moja moja, kisha wakalifunga lile shimo kwa nyuzi. Hawakukata pafu. Alisisitiza hilo mwenyewe, kwamba pafu la mtu mwenye hidatidi ni zima, limebanwa tu na mgeni, ukimtoa mgeni linatanuka tena, kwa hiyo kukata kipande kizima cha pafu ni kwa wale ambao limeshaharibika kabisa au limeoza kwa usaha. Utando ukaenda maabara na jibu likaja kuthibitisha kwamba ni hidatidi kweli.

Manesi wa ile wodi niwaseme kwa kirefu kidogo. Baada ya upasuaji anakuwa na mpira kifuani unaoingia kwenye chupa yenye maji, na ile chupa ndo kila kitu, ikitoa mapovu maana yake hewa bado inavuja kwenye pafu. Ya mdogo wangu ilitoa mapovu muda mrefu kuliko tulivyotegemea na tukaogopa. Nesi wa usiku akanikalisha chini akanielekeza niangalie nini: maji yacheze anapopumua, chupa ikae chini ya kitanda siku zote isinyanyuliwe juu ya kifua, mpira usikunjwe wala usilaliwe, na nikiona usaha au homa niite. Akasema hewa kuvuja kwa muda ni kawaida kwa upasuaji wa aina hii maana zile njia za hewa ni nyingi, na nyingi zinaziba zenyewe. Na kweli ikaziba. Mtu wa mazoezi alikuja kumkohoza na kumpulizisha kila siku, mgonjwa alimchukia sana, maumivu si mchezo, ila pafu lilifunguka na eksirei ya kuruhusiwa ilikuwa nzuri.

Sasa nyota yangu moja. Tuliondoka na vidonge vya albendazoli, ile dawa ya minyoo, na maelezo ya "asubuhi moja, jioni moja". Basi. Hakuna aliyesema vimezwe na chakula chenye mafuta. Hii dawa bila mafuta inaingia mwilini kidogo sana, ukiinywa tumbo tupu unajaza utumbo tu, na kwa minyoo ya utumboni hiyo ingefaa lakini hapa tunataka ifike kwenye damu na kwenye pafu. Nimelijua hilo kwa mfamasia mwingine kabisa. Pia haikuelezwa vizuri kwamba dozi ya mtu mzima mara nyingi ni miligramu 400 mara mbili kwa siku, tena mfululizo bila kupumzika, maana zamani watu walikuwa wanapewa wiki nne alafu wanapumzika wiki mbili na bado kuna maduka ya dawa wanakwambia hivyo hivyo. Muda wa kumeza unategemea kama maji yalimwagika wakati wa upasuaji, unaweza kuwa mwezi mmoja au miezi kadhaa, na hilo lazima daktari wako akutamkie, usikisie.

Kubwa zaidi kwenye hiyo nyota ni damu. Albendazoli ya muda mrefu inaweza kusumbua ini na kushusha chembe nyeupe za damu, nywele nazo zinaweza kukatika, kwa hiyo mgonjwa anatakiwa apimwe ini na damu kila baada ya muda mfupi, hasa miezi ya mwanzo. Sisi tulipewa tarehe moja tu ya kurudi na iko mbali. Nilivyowapigia walikubali mara moja kumpima mapema, hawakubisha, ila ni mgonjwa gani wa kawaida angejua kupiga? Na mwanamke mwenye ujauzito au anayepanga kuupata anatakiwa aambiwe kabla ya kidonge cha kwanza, sijaona hilo likiulizwa kwa mgonjwa wa kitanda cha jirani kwenye korido.

Kingine, hakuna aliyetuambia wengine nyumbani tupimwe mpaka nilipouliza mwenyewe. Tumekula sehemu moja, tumecheza na mbwa wale wale. Wakatuandikia altrasaundi ya tumbo na eksirei ya kifua bila ubishi wowote, nesi akatueleza vizuri sana habari ya kumpa mbwa dawa ya minyoo ya prazikwanteli mara kwa mara, kufukia au kuchemsha mapafu na maini yenye vifuko badala ya kumtupia mbwa, kunawa mikono ukishamshika mbwa. Elimu wanayo, tena nzuri, wanasubiri tu iulizwe.

Ombi langu kwao ni karatasi moja ya kumpa kila anayeruhusiwa. Iandikwe kumeza na mafuta, tarehe zote za kupima damu, kurudia picha ya kifua kwa miaka kadhaa maana hiki kitu kinaweza kurudi polepole. Na juu kabisa kwa herufi kubwa, kwamba ukikohoa ghafla maji mengi yenye chumvi au vipande vya utando mweupe, au ukivimba uso, kuwashwa mwili na kuishiwa pumzi, usisubiri kliniki, nenda dharura muda huo huo na uwaambie una hidatidi.

Wakiitoa hiyo karatasi narudi hapa naweka nyota ya tano.