Filamu tatu fupi za Kiyahudi kwa simu yangu, na fidla ya mzee Joe

Bando la wikendi lilikuwa linakaribia kuisha muda, nami sikutaka liende bure. Rafiki yangu alikuwa amenitumia majina ya filamu tatu fupi kuhusu maisha ya Wayahudi. Nikadhani najua nitakachokuta: seng'enge, picha za kijivu, kilio mwanzo mwisho. Filamu ya kwanza tu ikanisuta.

Hiyo ni Shiva Baby ya Emma Seligman, kazi yake ya kuhitimu chuo kikuu huko New York, ya mwaka 2018. Dakika kama nane hivi. Shiva ni matanga ya Kiyahudi, siku saba. Msichana wa chuo amefuatana na wazazi wake kwenda kuhani, na humo humo msibani anakumbana na mwanamume anayempa pesa kwa siri. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Badilisha vyakula tu, weka pilau, hayo ni matanga ya kwetu Mombasa: mashangazi wanaokukagua kama umekonda, wanaotaka kujua unasomea nini na utaolewa lini, marehemu mwenyewe keshasahaulika. Seligman aliikuza ikawa filamu ndefu mwaka 2020. Sijaiona, wala sina haraka. Ile fupi ilinitoa jasho la kutosha. (Usiitazame na mamako.)

Ya pili, The Lady in Number 6, ilipata Oscar mwaka 2014. Ni habari ya Alice Herz-Sommer, mpiga piano mzaliwa wa Prague, aliyefungwa na Wanazi katika kambi ya Theresienstadt pamoja na mwanawe mdogo. Humo kambini alipiga zaidi ya maonyesho 100. Tunamkuta London ana miaka 109, vidole vimepinda na bado anacheza piano kila siku. Bibi mwenyewe hana kasoro, anacheka kuliko mimi. Kasoro ni ya watengenezaji: kila akinyamaza, wanajaza muziki na maelezo, kana kwamba tutashindwa kuelewa. Alifariki wiki moja tu kabla ya tuzo kutolewa.

Sasa Joe's Violin ya Kahane Cooperman. Dakika 24. Hii nimeitazama mara tatu.

Joseph Feingold alikuwa Myahudi wa Poland. Vita vya Pili vya Dunia vilimpeleka Siberia kwenye kazi za sulubu. Mamake na mdogo wake waliuawa Treblinka, kambi ya mauaji ya Wanazi. Vita vilipokwisha akawa katika kambi ya wakimbizi Ujerumani, na mwaka 1947 akabadilisha katoni ya sigara kwa fidla. Akahamia nayo Marekani, akakaa nayo miaka na miaka. Alipofika 91 akasikia redio ya New York inakusanya ala za muziki kwa ajili ya wanafunzi, akaitoa. Ikamfikia msichana wa miaka 12 huko Bronx.

Kinachonifurahisha ni kwamba mwongozaji hana papara. Anaiacha kamera ikae kwenye ile fidla inapofanyiwa matengenezo, kwenye mikono ya mzee, kwenye uso wa binti anayeogopa kuivunja. Hakuna anayekuambia sasa sikitika. Filamu hii ilishindania Oscar 2017 ikakosa. Mimi ningeipa badala ya ile ya pili, bila kufikiri.

Lawama yangu moja: maandishi ya chini ni Kiingereza tupu. Mara ya tatu nilitazama na nyanya yangu, nikawa namtafsiria sentensi kwa sentensi. Yeye ni mtu wa taarabu, fidla anaijua, ila huyu Grieg, mtunzi wa muziki wa Norway, hajawahi kumsikia. Ikafika pale binti anapokutana na mzee na kumpigia wimbo wa Solveig wa huyo Grieg, wimbo unaomkumbusha mzee mamake. Nikafungua kinywa nieleze.

"Hebu nyamaza, mwanangu," nyanya akasema, akaisogeza simu karibu na sikio lake. "Nisikie."