Unanunua trela la ng'ombe Montana? Lala chini kwenye theluji kwanza

Huku mashariki ya Montana, Marekani, ukiuziwa trela lililotumika, achana na rangi, lala chini uchungulie mvunguni. Barabara winta zinamwagiwa maji ya chumvi na magnesiamu kloraidi ili barafu isishike, hayo maji yanarushwa na matairi yanaingia kila kona ya chasisi, afu humo ndani ng'ombe nao wanakojoa safari nzima, kwa hiyo trela linaliwa juu na chini kwa pamoja. La kwanza kununua mimi lilikuwa jekundu linang'aa, muuzaji kaniambia sakafu mpya, nikaamini. Februari nikachomeka bisibisi pale mbao zinapokalia vyuma vya kukingama, karibu na mlango wa nyuma, ikazama mpaka mpini. Kumbe kipya kilikuwa mkeka wa raba aliotandika juu!

Kwangu mimi namba moja ni la alumini, guzineki, yani lile linalokaa kwenye boli, tufe la chuma lililofungwa katikati ya bodi ya pikapu. Kampuni ni Wilson na Featherlite za Iowa, au EBY ya Pennsylvania. Ni jepesi na kutu halijui, ila usidanganywe kwamba haliliwi, maana alumini ikigusana na bolti ya chuma na chumvi ikawepo inatoa unga mweupe na kuoza taratibu, kwa hiyo kagua hapo kwenye maungio kama wameweka raba ya kutenganisha. Na likipasuka, hiyo mashine yako ya kuchomelea ya bandani haisaidii, unatafuta fundi wa alumini.

Namba mbili la chuma lenye sakafu ya Rumber, zile mbao za raba na plastiki iliyosagwa, hazinywi mkojo. Kama kazi yako ni kutoa ng'ombe makorongoni kuliko kukimbia lami kwenda mnadani, hili lipande namba moja, sibishani na mtu. Chuma kikipinda unapiga nyundo, kikikatika unachomelea jioni hiyohiyo.

Namba tatu chuma na sakafu ya mbao zilizotiwa dawa. Linafaa kama we ni mtu wa kung'oa mikeka na kuosha mpaka chini, sio mara moja kwa mwaka. Wengi wetu sio.

La kufunga nyuma kwenye bampa, futi 16, namba nne. La ndama na safari fupi. Upepo wa huku na barafu, linayumba mpaka unasali.

Sasa hapa ndo wengi wanapigwa: ekseli. Trela la futi 24 lina nafasi ya ng'ombe 12 wakubwa, muuzaji atakwambia hivyo na ni kweli wanaenea. Ila piga hesabu: ekseli mbili, kila moja inabeba pauni 7,000, ni pauni 14,000, toa uzito wa trela lenyewe, la chuma tuseme 5,500, zinabaki 8,500. Ng'ombe mmoja ana pauni 1,300, hao ni sita. Hata ukisema pikapu inabeba sehemu ya mzigo, 12 hawafiki. Kama unabeba wakubwa chukua ekseli tatu au nzito zaidi, vinginevyo jiandae kubadilisha tairi kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, na nati zimeganda.

Vidogo vinavyouma winta: taa za LED hazipati joto, theluji inaziziba hakuna anayekuona nyuma, kwa hiyo ziwe mahali unapofikia kufuta. Matundu ya ubavuni yawe na paneli za kufunga, ila usizibe yote, pumzi ya ng'ombe inawalowesha na ng'ombe aliyelowa ndo baridi inamuua. Breki nazo, ukiosha trela ukalipaki hapohapo zinaganda kwenye drami. Nilitoka uani asubuhi tairi moja halizunguki linaburuzwa tu juu ya barafu, sikujua mpaka nilipofika lami likaanza kupiga kelele.

Mlango mi nachukua wa kufunguka mzima kama wa nyumba. Ule wa kuslaidi njia yake ya chini inajaa samadi, ikiganda unasimama na nyundo na chupa ya maji ya moto huku ng'ombe wanakuangalia.