Semina ya viongozi wa ushirika mdogo: siku ya pili ndo ilistahili hela yetu

Kabla ya kujiandikisha nilitafuta maoni ya watu kuhusu hii semina sikupata hata moja, kwahiyo naandika ili anayefuata asihangaike kama mimi.

Mi ni katibu wa chama kidogo cha ushirika, wanachama hatufiki hamsini, na mwenyekiti ni yule yule tangu tuanze. Sio mtu mbaya, tena anajituma kuliko sisi wote. Tulienda nae.

Siku ya kwanza ni historia, wale watu 28 wa Rochdale Uingereza waliofungua duka lao la ushirika mwaka 1844, halafu ile misingi 7 ya ushirika kama ilivyopangwa upya 1995. Kama ushawahi kukaa kwenye kamati yoyote unayajua haya, ila mwezeshaji alikazia vizuri ile ya mwanachama mmoja kura moja, kwamba hata uwe na hisa nyingi kiasi gani kura yako ni moja tu.

Siku ya pili sasa! Kila mtu kapewa karatasi aandike vitu vya chama ambavyo anavijua yeye peke yake. Nywila za akaunti, makubaliano ya mdomo na wanunuzi, nani anatudai na tulimuahidi nini. Alafu mwezeshaji akauliza, ukiugua miezi sita hivi vitu anavishika nani? Mwenyekiti wetu alijaza karatasi mbele na nyuma, akanyamaza muda mrefu, nami nilikaa hapo nikaona kumbe tumemtwisha mzigo mtu mmoja halafu tunauita uongozi imara. Mchana tukafanya zoezi la kumuelezea mahesabu mwanachama ambaye hajawahi kusoma mizania (ile taarifa ya mali na madeni ya chama), kwa dakika tano, na wengi wetu tulishindwa, kumbe hata sisi viongozi tulikua tunapitisha vitu tusivyovielewa. Zoezi hilo peke yake nalilipia tena.

Siku ya tatu ndo imeniuma. Ilikua ya uendelevu na wakaleta picha za miti, taka na umeme wa jua, ni sawa mazingira ni muhimu sana, lakini hawakugusa akiba. Msingi wa tatu wenyewe unataja kujenga akiba ambayo angalau sehemu yake haigawanywi, na kwa chama kidogo hapo ndo kazi ya kiongozi ilipo, kusimama mbele ya watu wenye shida zao za kweli na kuwaambia ziada ya mwaka huu hatugawani yote. Sisi tuligawana yote miaka miwili mfululizo sababu hakuna aliyethubutu kusema, mashine ikaharibika tukakopa. Nilitaka nifundishwe namna ya kusema hilo bila kugombana na watu, nikarudi bila jibu. Waandaaji kama mnasoma, punguzeni picha wekeni hili.

Kwingine sina malalamiko, muda ulizingatiwa na mwezeshaji anasikiliza kweli, hakatishi mtu.

Ushauri wangu nendeni wawili au watatu, maana akienda mwenyekiti peke yake hayo maarifa nayo yatabaki kichwani kwake. Mkutano mkuu wetu ni mwezi ujao na ajenda ya kwanza ni ukomo wa vipindi vya uongozi, mwenyekiti ndo kaiandika kwa mkono wake.