Sefti buti za saiti: anza na unyayo, vidole baadaye

Mwezi wa tatu nilinunua jozi sita za sefti buti kwa ajili ya vijana wangu wa saiti. Ni kazi ndogo, nyumba ya ghorofa moja huko Kigamboni. Bei ilikuwa shilingi 45,000 kwa jozi, muuzaji akashusha hadi 42,000 kwa sababu nachukua sita. Ubavuni mwa kila kiatu pameandikwa S3 kwa rangi nyeupe, na kwenye ulimi kuna lebo yenye CE. Akachukua nyundo, akagonga mbele ya kiatu mara tatu. "Umesikia dada? Chuma hicho." Nikalipa.

Wiki ya tano tukawa tunabomoa mbao zilizobeba zege la slabu. Aliyewahi kufanya kazi hiyo anajua sakafu inavyokuwa: mbao zimetupwa huku na kule, nyingi zimegeuka na misumari inatazama juu. Kijana mmoja, saidia fundi, akashuka kwenye ngazi na mguu wake wa kulia ukatua juu ya msumari wa inchi nne. Hakupiga kelele. Nilipogeuka nilimkuta amesimama kwa mguu mmoja, ameshika nguzo, na kipande cha ubao kinaning'inia chini ya kiatu chake. Zahanati walimsafisha, wakamchoma sindano ya pepopunda, akakaa nyumbani wiki tatu. Nilimlipa siku zake zote, maana kiatu nilichagua mimi.

Jioni ile niliipasua buti kwa msumeno wa chuma, kuanzia kisigino hadi mbele. Chuma cha vidole kilikuwepo, tena kizito. Chini ya unyayo kulikuwa na soli nyeusi, juu yake sponji ya kijivu, na juu ya sponji kadibodi. Kadibodi kama ya boksi la sabuni, unene wa milimita mbili hivi. Tundu la msumari lilikuwa duara safi, kama karatasi iliyotobolewa kwa pini.

Tangu hapo nimezunguka maduka mengi ya vifaa vya ujenzi, na kila nilipoingia nilibeba sumaku mfukoni. Mwongozo huu umetokana na mizunguko hiyo. Rangi, ngozi, kamba na wepesi wa kiatu sitavigusa, hayo mtayaona wenyewe kwa macho. Ninachotaka mkitazame ni bati la unyayo, lile bamba linalozuia msumari usipande. Wauzaji wote wanagonga mbele. Sijakutana hata na mmoja aliyegeuza kiatu na kunionyesha chini.

Alama zinasema nini hasa

Kiwango cha kimataifa cha buti za usalama ni ISO 20345. Buti yoyote iliyofuata kiwango hicho lazima iwe na kinga ya vidole inayohimili pigo la joule 200, kama kitu cha kilo 20 kudondoka kutoka urefu wa mita moja. Hapo ndipo usawa unapoishia. Kinga ya chini ya unyayo haiko katika kila daraja, na watu wengi wanaumia kwa kutolijua hilo.

Kwa ufupi: SB ina kinga ya vidole tu. S1 haina bati. S2 haina bati, ingawa inazuia maji yasipenye haraka. S1P ina bati. S3 ina bati, inazuia maji, na soli yake ina meno. Kwa hiyo mtu anayechagua S2 na kuiacha S1P akidhani namba kubwa ndiyo buti imara, anakwenda kwenye misumari akiwa na sponji tu chini ya mguu. Herufi P ndiyo ya kutafuta, au S3 yenyewe.

Toleo la kiwango hicho la mwaka 2022 limeongeza jambo ambalo mafundi wa mbao wanapaswa kulishika. Sasa P peke yake inamaanisha bati la chuma. Ikiandikwa PL au PS, bamba ni la kitambaa kigumu kilichofumwa. PL imejaribiwa kwa msumari mnene wa milimita 4.5, PS kwa msumari mwembamba wa milimita 3. Kitambaa kinafunika unyayo mzima na kiatu kinakuwa chepesi, lakini msumari mwembamba hujipenyeza katikati ya nyuzi kwa urahisi kuliko mnene. Saiti zetu zimejaa misumari ya inchi mbili na mbili na nusu. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kwa kazi za mbao na slabu chukua chuma, au PS. PL waachie watu wa maghala.

Tena bati lenyewe lina kikomo. Jaribio linadai lihimili nguvu ya nyutoni 1,100, ambayo ni kama uzito wa kilo 112 ukiwa wote juu ya ncha moja. Mtu wa kilo 70 aliyebeba mfuko wa saruji wa kilo 50 ameshafika 120. Kung'oa au kukunja misumari kabla mbao hazijatupwa chini kunabaki palepale, hata mkivaa buti ya bei gani.

Namna ya kukagua dukani

Nenda na sumaku. Ya spika mbovu inatosha. Toa soli ya ndani, ile ya kuchomoa, kisha pitisha sumaku taratibu kutoka chini ya vidole mpaka kisigino. Ikinasa njia nzima, bati lipo. Ikinasa katikati tu, kwenye upinde wa mguu, hicho ni kipande kidogo cha chuma cha kunyoosha kiatu kisijikunje, na kimenidanganya mara mbili. Usihesabu pia mnaso wa mbele kabisa, huo ni wa chuma cha vidole.

Isiponasa popote, tazama ubao wa ndani. Kitambaa cha kuzuia msumari huonekana: kimefumwa, kigumu, mara nyingi kimeshonwa moja kwa moja na ngozi kuzunguka ukingo. Ukiona karatasi ya kahawia, rudisha kiatu.

Kisha soma lebo ya ulimi. Buti ya kweli inataja mtengenezaji, jina au namba ya aina hiyo ya kiatu, saizi, mwezi au robo na mwaka wa kutengenezwa, namba ya kiwango na alama za daraja. Zile zangu za Kigamboni zilikuwa na CE na S3 basi, hazikuwa na jina la kampuni wala mwaka. CE ni tamko la mtengenezaji mwenyewe kwamba bidhaa yake imefuata masharti ya Ulaya; yeyote mwenye mashine ya kuchapa anaweza kulichapa. Kwa buti za usalama sheria ya Ulaya inadai aina hiyo ya kiatu ipimwe kwanza na maabara iliyoidhinishwa, kama SATRA au CTC, na itolewe cheti. Mnaonunua jozi ishirini au hamsini, ombeni cheti hicho, mlinganishe jina la kiatu kilichoandikwa humo na mlichoshika mkononi. Muuzaji mmoja alinitumia kwa WhatsApp cheti cha glavu.

Ninavyozipanga

Ya kwanza kwangu ni Safety Jogger, kampuni ya Ubelgiji, na hasa ile aina yao ya Bestboy. Sioni haya kusema naipenda kampuni hii. Bestboy ni S3, ina chuma mbele na bati la chuma chini, na kila jozi niliyoipitishia sumaku ilinasa kutoka mbele hadi nyuma bila kuruka. Lebo imejaa taarifa zote nilizotaja. Vijana wangu sita sasa wanavaa hizo. Ni nzito kiasi, na siku tatu za kwanza walilalamika kwamba haikunjiki. Ugumu huo unatoka kwenye bati, na baada ya wiki miguu ilizoea.

Ya pili ni Bata Industrials, tawi la buti za kazi la Bata wale wale tuliosoma na viatu vyao. Kampuni ilianzishwa Zlín mwaka 1894, na ina kiwanda Limuru, Kenya. Nimeiweka ya pili kwa sababu moja tu: aina zao ni nyingi na daraja hutofautiana, kwa hiyo jina pekee halitoshi, soma herufi. Ukipata yenye S3, nunua bila wasiwasi.

Ya tatu ni Vaultex, inayotoka kwa wingi Dubai na inapatikana karibu kila duka la vifaa. Onyo ni lile lile, kwa msisitizo zaidi. Kwenye rafu moja unaweza kukuta yenye P na isiyo na P, zinafanana kama mapacha. Hapa sumaku haikwepeki.

Ya nne ni mitumba. Najua wengi mnaitegemea, na mara nyingi mnapata buti halisi ya Ulaya kwa bei ya chini sana, bati likiwa salama. Tatizo lake ni umri. Soli nyingi za buti hizi ni za poliyurethani, na unyevu huila poliyurethani polepole hata kiatu kikiwa kimewekwa tu kwenye boksi. Kwa joto na unyevu wa pwani yetu inakwenda mbio. Kiatu kinaonekana kipya, unakivaa siku mbili, soli inamomonyoka vipande kama mkate mkavu. Bonyeza soli kwa kucha. Ikiacha alama au unga, achana nayo. Hata mpya kabisa, Bestboy ikiwemo, tazama mwaka wa kutengenezwa, maana duka linaweza kuwa limekaa nayo miaka minne stoo.

Zile za 25,000 hadi 45,000 zisizo na jina la mtengenezaji sizipangi. Nimepitisha sumaku kwenye jozi kumi na moja za namna hiyo, mbili tu zilikuwa na bati.

Bei, na machungu yangu

Bestboy hiyo hiyo, saizi hiyo hiyo, wiki hiyo hiyo: duka la kwanza 95,000, la pili 120,000, la tatu 150,000. Lile la tatu bei ilipanda baada ya kuona gari lenye jina la kampuni limeegeshwa nje. Nilipoomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ikaongezwa elfu kumi na tano. Mtu anakuuzia kifaa cha kulinda mwili wa mwenzake, halafu ukiomba karatasi ya kuthibitisha kwamba amekuuzia, unalipia.

Na bila karatasi hiyo huna pa kuanzia. Ukitaka kupeleka malalamiko Tume ya Ushindani au Shirika la Viwango, TBS, kitu cha kwanza utakachoulizwa ni ulinunua wapi. Mimi zile za 42,000 nilipewa kijikaratasi cha mkono kisicho na jina la duka. Daini risiti, hata kama ni jozi moja.

Linaloniuma zaidi ni anayelipa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imemwekea mwajiri wajibu wa kuwapa wafanyakazi vifaa vya kujikinga, na Mkataba wa 167 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1988, unaohusu ujenzi, unasema wazi kwamba mfanyakazi asigharamie. Lakini kibarua anayeokotwa kijiweni asubuhi anaambiwa "bila buti huingii", anakwenda kununua ya 25,000 kwa fedha yake ya siku mbili. Mlinzi wa geti anatazama miguuni, anaona kiatu cheusi, anampitisha. Wakandarasi wenzangu, tunalijua hili.

Na kwa TBS na OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, nina ombi moja la kiufundi. Buti zinazoingizwa nchini ziwe na lebo ya Kiswahili yenye maneno mawili yanayosomeka na kila mtu: INA BATI au HAINA BATI. Kibarua hawezi kutegemewa akumbuke tofauti ya S2 na S1P akiwa amesimama juani na muuzaji anamharakisha.

Za zege

Siku ya kumwaga zege, ngozi haifai. Saruji mbichi inaunguza, na ikiingia kwenye buti ya ngozi inakaa humo mchana kutwa. Vaeni buti za mpira, gambuti, lakini zile za kawaida za mvua hazina chuma mbele wala chini, na chini ya zege kuna nondo na waya za kufungia. Daraja lake ni S5. S4 inafanana nayo lakini haina bati. Dunlop Purofort zenye S5 ni nzuri sana na ni ghali sana. Mimi nina jozi nne tu, zinavaliwa na wanaosambaza zege, wengine wanakaa juu.

Bado sijatatua la wanawake. Nina mafundi wawili wa kike, mmoja wa kufunga nondo na mwingine wa vigae, wote wanavaa namba 37. Safety Jogger wanatengeneza Bestgirl, S3 kama Bestboy, kwa umbo la mguu wa mwanamke. Dukani naambiwa "vaa 39 na soksi mbili". Bati likiwa kubwa kuliko mguu, kiatu kinapinda mahali pasipo pake na kisigino kinachomoka kila ukipanda ngazi. Mwenye kujua duka lenye namba 37 ya S3, Dar au hata Mombasa, aniandikie. Nahitaji jozi mbili kabla ya slabu ya pili, ambayo tunamwaga mwisho wa mwezi.