Kozi ya ufundi ndege: karakana ndiyo unayoilipia

Nimemaliza diploma ya matengenezo ya ndege, upande wa fremu na injini, katika chuo kimoja cha binafsi Nairobi. Jina lake silitaji. Ninachotaka ujue ni nini cha kukagua kabla hujalipa ada, iwe hapo au kwingine.

Kwanza, cheti cha chuo si leseni. Leseni hutolewa na mamlaka ya anga, Kenya ikiwa ni KCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya), baada ya mitihani yake yenyewe na ushahidi wa kazi ulizofanya. Kiwango cha kimataifa, yaani Kiambatisho cha 1 cha ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, kinadai uzoefu wa miaka 4 kwa leseni ya ndege nzima, na miaka hiyo inashuka hadi 2 kwa aliyepitia mafunzo yaliyoidhinishwa. Kwa hiyo neno "yaliyoidhinishwa" lina thamani ya miaka 2 ya maisha yako. Usitosheke na bango la getini. Omba kuonyeshwa cheti cha idhini, soma tarehe ya kuisha na majina ya kozi zilizoandikwa humo, kwa sababu chuo chaweza kuwa na idhini ya kozi moja na kutangaza tatu.

Hesabu, fizikia na misingi ya umeme vilifundishwa vizuri, sina malalamiko. Tatizo ni alama ya kupita. Chuo kilikupitisha kwa asilimia 50, ilhali mitihani ya mfumo wa Ulaya wa leseni za mafundi ndege, Part-66, inataka 75 katika kila moduli. Mwanafunzi mwenye 60 anajiona yuko sawa mpaka akutane na mtihani wa leseni. Jiwekee 75 tangu muhula wa kwanza.

Kazi ya bati ndiyo iliyostahili kila shilingi. Kila mwanafunzi alikuwa na kipande chake cha alumini, na mwalimu hakupokea kazi ya kikundi. Ribiti, yaani pini ya kuunganisha mabati kwa kugongwa, ya inchi 1/8 hutobolewa tundu kwa drili namba 30, ambayo ni inchi 0.1285. Urefu wake ni unene wa mabati yote mawili kujumlisha kipenyo mara 1.5. Ikishagongwa, kichwa kinachojitengeneza upande wa pili kinatakiwa kiwe na upana wa inchi 3/16 na kimo cha 1/16. Kutoka katikati ya tundu hadi ukingo wa bati usiende chini ya kipenyo mara 2, la sivyo bati litapasuka kuelekea ukingoni. Makosa yanajirudia kwa kila mwanafunzi mpya: bunduki ya kugongea ribiti ikiinama inaacha alama ya mwezi mchanga kwenye bati, chuma cha kupokelea kipigo upande wa pili kikiyumba kichwa kinalalia upande, na usipoondoa mabaki makali ya kutoboa, mabati hayalali pamoja, ribiti inavimba katikati yake na pengo linabaki. Kuing'oa ribiti mbovu ni mtihani kuliko kuipiga. Unatoboa kichwa peke yake, kwa kina cha kichwa tu, kisha unaisukuma nje kwa panchi. Ukienda pembeni kidogo umepanua tundu, na sasa unahitaji ribiti ya saizi kubwa na nafasi ya ukingo inapungua.

Lokiwaya, yaani waya wa kufunga bolti zisilegee, nayo ilifundishwa kwa ukali unaostahili. Waya wa inchi 0.032 unasokotwa mara 6 hadi 8 kwa inchi, na unapita upande ambao ukivutika unaikaza bolti. Ukiupitisha upande wa pili, waya uleule unasaidia kuifungua. Mkia unabaki na misokoto 3 hadi 6 na kukunjwa ndani usichane mkono wa fundi mwenzako. Mwalimu alipitisha kidole gumba katikati ya bolti mbili na kubonyeza: waya ukilegea, anaukata, unaanza na waya mpya, kwa sababu uliokwisha sokotwa haurudiwi. Kisha anapitisha lenzi pale koleo liliposhika. Waya wenye jeraha dogo la koleo anaukata pia, hata kama umekaza vizuri, kwani ndipo utakapokatikia kwa mtetemo.

Spana za toki, zinazopima nguvu ya kukaza bolti, zilinisikitisha. Darasa la watu 24 lilikuwa na 4, na 2 kati ya hizo lebo za upimaji zilikuwa zimepitwa na tarehe. Hili si dogo. Mkono unazoea namba ambayo si ya kweli. Kilichookoa somo ni hesabu ya kirefusho, ambayo mafundi wengi huikosea. Ukiongeza kirefusho mbele ya spana, kwenye mstari uleule, unazidisha toki unayoitaka kwa urefu wa spana, kisha unagawa kwa urefu wa spana pamoja na kirefusho. Ukitaka pauni-inchi 100, spana ina inchi 10 na kirefusho inchi 2, unaiweka kwenye 83. Ukiiacha kwenye 100, bolti imepata 120. Kirefusho kikikaa pembe mraba na spana, hakuna masahihisho.

Injini ya kujifunzia ilikuwa Lycoming O-320, na tuliifungua hadi silinda. Kipimo cha mgandamizo kilifanywa kwa hewa ya psi 80 (pauni kwa inchi ya mraba): geji ya pili, inayoonyesha hewa inayobaki ndani ya silinda, ikisoma 60 au zaidi, sawa, ikishuka, unasikiliza. Hewa ikivuma kwenye bomba la moshi, vali ya kutolea moshi haifungi. Ikisikika kwenye mlango wa hewa wa kabureta, ni vali ya kuingizia. Ikitoka kwenye mdomo wa kujazia oili, ni ringi za pistoni. Hatari iko kwenye propela: pistoni isipokuwa juu kabisa, hewa hiyo inaizungusha kwa nguvu ya kuvunja mkono, kwa hiyo mtu mmoja anaishika muda wote na hakuna anayefungua vali ya hewa bila kumwambia. Plagi zinakazwa kwa pauni-inchi 420, na plagi iliyoanguka chini inatupwa hata ikionekana nzima, kwa kuwa ufa wa kauri ya ndani hauonekani.

Pungufu kubwa ni injini za tabaini, zinazozungushwa na gesi ya moto badala ya pistoni. Kazi za uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, kwa sehemu kubwa ni Cessna Caravan na injini yake PT6A, na viwanja vya murram huipa vumbi linalokula makali ya kompresa. Fundi mpya anatakiwa ajue kuosha kompresa na kuingiza kamera ndani ya injini kuangalia blade. Chuo kilikuwa na PT6 moja iliyokatwa ubavu kwa maonyesho. Unaiona hewa inavyoingia kwa nyuma na kuja mbele, lakini huwezi kuifungua bolti hata moja. Ukitembelea chuo, uliza: tabaini ipi, na je, wanafunzi wanaifungua?

Somo la makosa ya kibinadamu, ambalo wengi walilisinzia, mimi naliweka juu. Ndege ya British Airways, safari 5390, iling'oka kioo cha mbele tarehe 10 Juni 1990, na rubani akavutwa nje nusu mwili. Bolti 84 kati ya 90 zilikuwa nyembamba kwa inchi 0.026, kwa sababu zilichaguliwa kwa kulinganisha na za zamani kwa macho badala ya kusoma namba kwenye katalogi. Baada ya hapo, mwalimu alipokataa bolti "inayofanana", hakuna aliyebisha.

Mafunzo kazini chuo kilituachia tujitafutie, jambo ambalo si haki kwa ada ile. Ukipata hanga, shughulika na daftari lako la kazi siku hiyohiyo. "Nimesaidia kubadilisha tairi" haina uzito mbele ya mkaguzi. Andika tarehe, usajili wa ndege, sura ya ATA, yaani namba za kimataifa za kutambua mifumo ya ndege (magurudumu na breki ni 32-40), kazi yenyewe kwa hatua ulizofanya wewe, sehemu ya kitabu cha mtengenezaji uliyoifuata, kisha saini na namba ya leseni ya aliyekusimamia. Saini iombwe kabla hajaondoka zamu, kwani mhandisi akihamia kampuni nyingine, kurasa zako za miezi 6 zinabaki tupu.